Kukimbia Karura: soma udongo kwanza, saa baadaye

Aliyezoea kukimbia kwenye lami akiingia msitu wa Karura jijini Nairobi mara ya kwanza huuliza swali moja: ni kilomita ngapi? Swali si baya, ila katika msitu huu jibu lake halikuambii mengi. Kilomita 10 za juu ya mgongo wa kilima mwezi wa Februari, murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, ikiwa kavu, ni kazi ya saa moja ya starehe. Kilomita 10 zizo hizo zikikata mabonde mwezi wa Mei, siku moja baada ya mvua, zinaweza kula saa moja na nusu na kukurudisha nyumbani na kifundo kilichovimba. Tofauti iko kwenye udongo na kwenye mwelekeo wa njia. Ukivijua hivyo viwili, mengine ni marekebisho madogo madogo.

Tuanze na mwelekeo, kwa kuwa huo haubadiliki na msimu. Karura ina hekta zipatazo 1,000 kaskazini mwa katikati ya jiji la Nairobi. Sehemu yake kubwa iko kati ya Barabara ya Limuru upande wa magharibi na Barabara ya Kiambu upande wa mashariki, na kipande cha Sigiria kiko ng'ambo ya Barabara ya Limuru. Mito yake, ukiwemo Karura wenyewe na Ruaka, hushuka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na maji yao hatimaye huingia Mto Nairobi. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi unaofuata mwelekeo huo huo. Ukikimbia sambamba na mito, utadhani msitu ni tambarare. Ukikata kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, utashuka bondeni, uvuke daraja, upande tena, na baada ya mgongo unaofuata mambo ni yale yale. Watu wawili wanaweza kumaliza kilomita 8 siku moja, mmoja akiwa amepanda mara mbili tu na mwenzake mara sita.

Jambo la pili ambalo ramani ya langoni haikuonyeshi: kwa ujumla upande wa Barabara ya Limuru uko juu kuliko upande wa Barabara ya Kiambu. Ukiingia kwa lango la Limuru, nusu ya kwanza ya safari inakubembeleza. Miguu inakwenda yenyewe, unajiona mzima kweli kweli, kisha unageuka na kugundua kwamba deni ulikuwa unalikopa. Ukipanga kukimbia dakika 60 za kwenda na kurudi kutoka upande huo, geuka dakika ya 27, si ya 30. Mwanzilishi ningemshauri aanzie upande wa Kiambu: apande akiwa na nguvu, ashuke akiwa amechoka. Wanaojifunza kumaliza mbio kwa kasi wafanye kinyume chake.

Halafu kuna hewa. Hapa ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nairobi hana neno, lakini anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Muscat aiweke kando kasi yake ya nyumbani kwa wiki mbili za kwanza. Aongeze sekunde 15 hadi 30 kwa kila kilomita katika mbio nyepesi, na kipimo chake kiwe pumzi: aweze kusema sentensi nzima bila kuikata katikati. Asione haya. Wanariadha wa Iten na Kaptagat, walio juu zaidi kwenye mita 2,400 hivi, siku zao nyepesi huzikimbia polepole kiasi cha kumshangaza mgeni.

Udongo mwekundu na hali zake tatu

Udongo wa Karura ni ule mwekundu wa volkano unaofunika vilima vya Nairobi na Kiambu, ule ule unaostawisha kahawa. Una kina kirefu na mfinyanzi mwingi. Kwa mkimbiaji, mfinyanzi huo una sura tatu.

Ukiwa mkavu, kati ya Januari na katikati ya Machi, na tena Agosti na Septemba, unakuwa mgumu kama tofali na juu yake kuna vumbi jembamba. Hatari yake ni kwenye kona na miteremko ya murram, ambako kokoto ndogo zinakaa juu ya uso mgumu na kukuteleza kama punje za mahindi sakafuni. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Ukiwa na unyevu kidogo, siku mbili tatu baada ya mvua ya wastani, ndio bora kuliko njia yoyote niijuayo ndani ya jiji. Unabonyea kiasi, unashika soli, hauumizi goti. Mbio ndefu na mbio za kasi zipangie siku hizo.

Ukilowa, mambo yanageuka. Njia iliyokanyagwa miaka mingi imeshindiliwa, kwa hiyo maji hayazami upesi. Yanalainisha milimita chache za juu, na chini yake pamebaki pagumu. Unakanyaga siagi iliyopakwa juu ya ubao. Meno ya soli hayafiki kwenye sehemu ngumu, yanajaa tope, na baada ya muda huna meno tena. Kuna jaribio rahisi: tembea hatua kumi kwenye njia nyembamba unayotaka kuingia, kisha geuza kiatu. Tope likiwa limejaa kati ya meno na halidondoki ukipiga mguu chini, rudi kwenye barabara za murram siku hiyo. Usijiambie kwamba mbele patakuwa pakavu zaidi. Mbele kuna bonde, na bonde ndilo la mwisho kukauka. Katika mvua za masika, Aprili na Mei, barabara ya mgongoni yenye jua inaweza kufaa nusu siku baada ya mvua kukatika, ilhali njia ya kando ya mto chini ya kivuli huhitaji siku mbili au zaidi.

Miti nayo inabadilisha sakafu. Chini ya saipresi na misonobari kuna zulia la majani membamba kama sindano ambalo hupitisha maji na kushika mguu vizuri hata asubuhi ya mvua, ila linaficha mizizi. Chini ya mikaratusi kuna magome yaliyobambuka na majani yenye mafuta, na vyote viwili vikilowa vinateleza. Mikaratusi mikubwa pia hudondosha matawi bila kutoa taarifa, hasa upepo unapovuma baada ya mvua kubwa, kwa hiyo siku ya upepo chagua njia za msitu wa asili, ule wa mihugu, mikinduri na mizeituni mwitu. Huko sakafu ni majani yaliyooza, laini, na giza limezidi kidogo.

Mizizi ina kanuni moja: iruke, usiikanyage. Ukilazimika kuikanyaga, ikanyage pale inapokata njia kwa pembemraba, kamwe si pale inapolala kimshazari kwa sababu hapo kiatu hufuata mteremko wa mzizi na kifundo hufuata kiatu.

Mguu unavyotakiwa kwenda

Barabarani unaweza kurusha hatua ndefu na usiadhibiwe. Kwenye mfinyanzi, hatua ndefu maana yake ni kisigino kutua mbele ya mwili, na kisigino kikitua mbele kinasukuma udongo mbele, ndiyo maana unateleza chali. Fupisha hatua hadi mguu utue chini ya nyonga. Ili kujua umefupisha vya kutosha, hesabu mguu wa kulia peke yake kwa nusu dakika: ukipata mara 42 hadi 45, uko sawa. Ukipata 38, bado unaruka.

Kwenye mteremko, macho yatazame mita nne hivi mbele, si kwenye vidole vya miguu. Mguu unakanyaga kile ambacho jicho lilikiona sekunde moja iliyopita. Mikono ifungue kidogo kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Wengi hufanya kosa la kujizuia kwa kuegemea nyuma. Hapo uzito unahamia kisigino, tumerudi kule kule. Kwenye mlima, inama kuanzia kifundoni, si kiunoni, na pale hatua inapokuwa fupi kuliko urefu wa kiatu chako, tembea. Kutembea kwa nguvu kwenye kipande kikali hakukupotezei muda wa maana, na moyo unafika juu ukiwa bado wako.

Mabonde haya ni shule nzuri ya vilima kwa mwenye kutaka. Tafuta mpando wa mita 150 hadi 250 kwenye murram, si kwenye njia nyembamba ambako utazuia watu. Pasha mwili joto dakika 15. Panda kwa juhudi kwa sekunde 60 hadi 75, ukibakiza uwezo wa kusema neno moja moja, kisha shuka ukitembea. Anza na mara sita, baada ya wiki tatu fika nane, na kumi inatosha kwa mtu yeyote asiyelipwa kukimbia. Kushuka kwa kutembea si uvivu. Kushuka mbio mara nane kunachana misuli ya mbele ya paja, na maumivu yake hukufikia siku ya pili yake, pale unapotafuta ukuta wa kushika ukiteremka ngazi.

Mgeni wa njia za msituni aje mara moja kwa wiki katika mwezi wa kwanza, dakika 30 hadi 40, siku nyingine aendelee na barabara yake. Udongo laini unakiacha kisigino kizame zaidi kuliko lami, hivyo shavu la mguu na kano ya kisigino vinavutwa zaidi. Ukiamka asubuhi inayofuata na kano imekakamaa hatua kumi za kwanza kisha ikalegea, ni onyo: punguza. Ikibaki inauma mchana kutwa, pumzika.

Saa, lango na vibao

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini jua la Nairobi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, mwanzoni mwa Novemba, na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwezi wa Februari. Chini ya miti ongeza robo saa. Kwa hiyo Februari anayeingia lango likifunguliwa tu anakimbia gizani kwa nusu saa na zaidi. Aanze na barabara pana ya murram, njia nyembamba aziachie pale anapoweza kuona kamba ya kiatu chake mwenyewe. Jioni hesabu kinyumenyume: uwe langoni saa kumi na mbili, na nusu saa ya mwisho usiwe bondeni.

Malipo ni kwa simu. Simu iliyokwisha chaji ni tatizo langoni na tatizo kubwa zaidi ndani, basi ijaze usiku.

Njia panda nyingi zina vibao vyenye namba, na hizo namba zina thamani kuliko saa ya mkononi. Piga picha ramani iliyo langoni, kisha panga safari kwa namba: natoka hapa, namba fulani kushoto, namba fulani kulia. Ukiumia, unamwambia askari wa msitu namba ya kibao cha mwisho ulichopita, naye anajua aje wapi. "Niko karibu na miti mirefu" haitamsaidia mtu.

Saa zenye satelaiti huongopa chini ya majani. Hupiga alama kila baada ya muda na kuziunganisha kwa mstari ulionyooka, hivyo njia yenye kona nyingi inakatwa kona, na kilomita 10 za kweli zinaweza kusomeka pungufu. Kasi ya papo hapo ndiyo mbaya zaidi, inarukaruka kutoka dakika 5:10 hadi 7:40 kwa kilomita na wewe hujabadilisha chochote. Tumia muda na pumzi. Ukitaka kujilinganisha wiki kwa wiki, pima muda kati ya vibao viwili vile vile.

Maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau yako kando ya Mto Karura, na kila mgeni anataka kuyapita mbio. Usikimbie hapo. Ngazi na mawe yana ukungu na maji ya kudumu, na mwisho wa wiki pamejaa watoto na watu wanaopiga picha. Tembea dakika tano, tazama, endelea juu.

Wenyeji wenye miguu minne, sita na minane

Kima, wale wa rangi ya kijivu, wanajua mfuko wa plastiki una nini ndani. Ndizi usiishike mkononi, na begi usiliache juu ya benchi ukinyoosha misuli. Mbega weusi kwa weupe hawana haja nawe, wao ni wa majani ya juu. Paa wadogo hukurupuka kutoka kichakani na kukata njia mbele yako. Akipita mmoja, tarajia wa pili.

Lakini mnyama anayestahili heshima hapa ni siafu. Baada ya mvua huvuka njia kwa mstari mweusi upana wa viganja viwili, na askari wao pembeni wametanua taya. Ukiwaona, ruka kwa mbali na usisimame kutazama. Ukigundua umeshawakanyaga, kosa ni kusimama pale pale kuwapangusa, kwani wengine wanapanda. Kimbia mita 50 mbele kwanza, ndipo uwatoe mmoja mmoja kwa kubana kichwa. Thabai, ule mmea unaowasha, hupenda kingo zenye unyevu. Soksi inayofika nusu ya mguu inatosha, na inasaidia pia dhidi ya kupe wa majani marefu. Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti na kwenye kinena.

Mbwa anatakiwa kuwa kwenye kamba, wenye baiskeli wana njia zao na nyingine tunagawana. Kaa kushoto, sikio moja liwe wazi. Mwendesha baiskeli anayeshuka hawezi kusimama upesi kwenye mfinyanzi, kwa hiyo yeye ndiye apishwe, hata kama kanuni ingesema vingine.

Kuna adabu moja ambayo wakimbiaji wengi wazuri hawana: dimbwi. Tunalizunguka. Wa kwanza anakanyaga ukingo, wa kumi anakanyaga ukingo mpya, na njia ya mita moja inakuwa ya mita tatu. Pale pembeni ndipo penye miche. Huduma ya Misitu ya Kenya na jumuiya ya Friends of Karura Forest wamekuwa wakiondoa mikaratusi kidogo kidogo na kurudisha miti ya asili, na mhugu mchanga una unene wa penseli. Msitu huu ulitangazwa rasmi mwaka 1932, na miaka ya 1990 ukakatwakatwa vipande kwa ajili ya wajenzi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa walipokuja kupanda miche, na mwaka 2004 yeye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ua wa umeme ulikuja baadaye. Kabla yake watu wengi waliogopa kuingia peke yao. Basi pita katikati ya dimbwi. Kiatu kitakauka.

Viatu, na kifundo kikipinduka

Soli yenye meno ya milimita 4 hadi 5, yaliyotawanyika, inatosha mwaka mzima. Ya barabarani, milimita 1 au 2, inafaa miezi ya ukavu peke yake. Meno ya zaidi ya milimita 6 yanayumba kwenye murram mgumu, na Karura ina murram mwingi. Mbele ya kidole kirefu acha nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo miteremko itakung'oa kucha. Funga kamba hadi tundu la mwisho ili kisigino kisicheze, kisha fundo mara mbili. Maji nusu lita yanatosha kwa mbio zinazozidi saa moja. Chini ya hapo kunywa kabla ya kutoka. Julai asubuhi joto laweza kuwa nyuzi 11 tu, vaa shati la mikono mirefu utakalolifunga kiunoni baada ya dakika 20.

Kifundo hupinduka zaidi kilomita ya mwisho, mtu amechoka na anatazama saa aone kama atapata muda wake. Kikipinduka, simama. Usivue kiatu msituni, kwa sababu mguu ukivimba hakitaingia tena, na kiatu kilichofungwa ndicho bandeji uliyonayo. Jaribu kupiga hatua nne. Ukishindwa, au mfupa wa pembeni wa kifundo ukiuma ukibonyezwa, hiyo ni safari ya hospitali kupigwa picha ya eksirei, si ya kujikongoja hadi langoni. Ukiweza, tembea taratibu kwa murram, si kwa njia ya mkato.

Viatu vya tope usivioshe papo hapo, mfinyanzi mbichi unazidi kuingia kwenye nyuzi. Acha ukauke usiku mmoja, gonganisha soli nje, sugua kwa brashi kavu, kisha maji baridi na sabuni kidogo. Toa soli za ndani, jaza karatasi za gazeti na ubadilishe baada ya saa mbili. Vianike kivulini penye upepo, mbali na jiko, kwa kuwa joto hulegeza gundi ya soli. Ule wekundu kwenye soksi nyeupe hautoki, nunua nyeusi.